Dinah Mabruki, Aliyeliliwa Mara Mbili

Mchungaji wetu, wazee wa kanisa, ndugu mliotoka Mbweni na Bukoba, majirani wa Woolwich, na nyote mlioacha shughuli zenu leo Jumamosi tarehe 25 Novemba 2023 mkaja kukaa nasi kwenye baridi hii, familia imenituma mimi, mdogo wa mume wake, nisome maisha ya marehemu, na kabla sijaanza nawaomba radhi, kwa sababu karatasi hii haitafanana na mlizozizoea, na hata ninyi mliokula wali wa Bi. Dinah miaka arobaini na zaidi mtasikia mambo ambayo wanawe wenyewe ndiyo kwanza wameyasikia mwezi huu. Mimi ni shemeji yake, na shemeji ana ruhusa ya kutania hata mwenzake akiwa amelala hapa mbele, basi nikiteleza mnivumilie, ila hofu nitakayoisoma humu si utani, ilikuwa ya kweli, na ilimtafuna mwanamke huyu karibu miaka sitini.

Marehemu Dinah Mabruki Feruzi alizaliwa siku ya Ijumaa tarehe 16 Machi 1945, Mbweni, kisiwani Unguja, mtoto wa kwanza wa marehemu Mzee Mabruki Feruzi, fundi mwashi, na marehemu Bi. Tekla, mfugaji wa kuku. Naona mmeanza kutazamana. Ni kweli, pasipoti yake, cheti chake cha ndoa na kadi zake zote za hospitali zinasema alizaliwa Tanga tarehe 3 Juni 1946, na kila mwezi wa sita tulimkatia keki hapahapa Woolwich, naye akapuliza mishumaa, akacheka, akala, na hakuna siku aliyotoa neno. Hakuzaliwa Tanga, wala hakuzaliwa Juni. Alizaliwa Mbweni, katika vile vijumba ambavyo kanisa liliwapa mababu zao walipotolewa utumwani, na akakulia uani kwa mama yake, akitwanga, akipepeta, na kila alipomaliza kupepeta mpunga alirusha chenga upande wa kushoto na kuwaita kuku kwa mwito wa Bi. Tekla, mwito mrefu unaopanda juu kisha unakatika ghafla, ambao pale Mbweni hapakuwa na mwingine aliyekuwa nao.

Alisoma shule ya kanisa palepale Mbweni kuanzia mwaka 1952 hadi 1959, baba yake akafariki mwaka 1958 binti akiwa bado darasani, na mwaka 1960 akapelekwa mjini kwenye mafunzo ya upishi ya mabinti, ambako alifundishwa kuoka keki na pudini za Kiingereza, akamaliza Desemba 1961 na cheti kizuri, cha kwanza katika kundi lake, na hilo alijisifia mpaka uzeeni.

Mwezi Machi 1962 aliajiriwa kuwa mpishi katika nyumba moja ya mtaa wa Vuga, mlemle mjini, kwa bwana aliyekuwa karani mkubwa wa serikali ya zamani, mtu wa watu, ambaye hakuweza kula peke yake, na kila wiki alikuwa na wageni. Mapinduzi yalipotokea Januari 1964 nyumba ile ilibaki kimya kwa muda, kisha wageni wakaanza kurudi mmoja mmoja, na Agosti 1965 yule bwana akachukuliwa, hakuonekana tena. Septemba watu wa usalama wakamwita Dinah. Hawakumpiga, hawakumtukana, walimuuliza jambo moja tu, akina nani walikula katika nyumba ile, siku gani, na nani alikaa karibu na nani, naye akajibu kwamba yeye ni mtu wa jikoni, chakula hutoka, sahani hurudi, nyuso hazioni. Novemba wakamwita tena, wakamuuliza yaleyale, na safari hii wakamwambia aende nyumbani akakumbuke vizuri, kwa kuwa mara ya tatu hawatakuwa na subira. Naye alikumbuka, jamani, alikumbuka majina yote kumi na saba, na ambao hawapendi bizari, na wenye watoto aliowanywesha uji, na alijua kwamba jina lolote litakalomtoka mdomoni, mwenye jina hilo hatarudi kwake.

Jumapili tarehe 5 Desemba 1965, watu wakiwa kanisani, Dinah alibeba kikapu cha mama yake kama anakwenda sokoni, akafika Mkokotoni, na wavuvi wakamvusha hadi Pangani. Kuondoka bila ruhusa lilikuwa kosa, na aliyebaki ndiye aliyeulizwa. Basi Bi. Tekla akafanya ambalo hakuna mama angependa kulifanya, akaenda kwenye ofisi ya tawi la chama akasema binti yake alikwenda kuokota chaza, maji yakamchukua, na Jumamosi tarehe 18 Desemba akamfanyia msiba bila maiti, kengele ikapigwa, wali ukapikwa, na mwalimu wa dini akasimama akasoma maisha ya marehemu Dinah, kuzaliwa, shule na kazi, kama ninavyosoma mimi leo. Serikali ikaandika kwamba amekufa maji. Kuanzia siku hiyo kila pumzi aliyoivuta Dinah ilikuwa ushahidi dhidi ya mama yake, maana akionekana yu hai, Bi. Tekla amedanganya dola, na katika miaka ile watu hawakuthubutu hata kuuliza adhabu yake ni nini, na nyuma ya Bi. Tekla alikuwepo Augustino, mdogo wake Dinah, mtoto wa miaka kumi na moja.

Kule Tanga, ambako habari za msiba wake zilimfikia kwa wavuvi walewale, watu wa kanisa walimpatia karatasi mpya zenye tarehe mpya, akafanya kazi kwa familia moja ya Waingereza, na walipohama wakamchukua kama yaya, akatua London tarehe 11 Mei 1967. Mwaka uliofuata akapata kazi katika jiko la hospitali, Lewisham, na ndiko alikoonana na kaka yangu Laurean Byabato, kijana wa Bukoba aliyekuwa fundi wa reli, aliyelazwa na mguu uliovunjika, akawa analalamika kwamba uji wa hospitali hauna ladha, mpaka mpishi mwenyewe akapanda wodini kumtazama huyo anayelalamika. Alipomwomba uchumba, Dinah alimpeleka kwenye benchi la stesheni ya Lewisham, akamweleza yote, chaza, msiba, mama, akamwambia kama anaogopa apande treni yoyote itakayokuja. Treni mbili zikapita, kisha Laurean akasema, "Basi mimi naoa marehemu." Yeye alicheka, Dinah hakucheka. Walifunga ndoa takatifu Jumamosi tarehe 16 Agosti 1969, upande wa bibi harusi wakakaa wapishi wenzake wa hospitali, na Mungu akawajalia watoto wawili, Solomon aliyezaliwa mwaka 1971 na Kemilembe aliyezaliwa mwaka 1975.

Sasa nifike kwenye kazi ambayo wengi wenu mmeisikia nusunusu. Mwezi Februari 1972 marehemu aliacha hospitali, akaajiriwa katika jiko la kampuni ndogo ya kutengeneza vipindi vya televisheni, kule Hayes, katika jengo lililokuwa ghala, na kampuni ile ilikuwa inatengeneza vipindi juu ya historia ya chakula cha Wamarekani, tangu mkate wa mahindi wa wenyeji wa kwanza wa nchi ile, mpaka bata mzinga wa sikukuu zao, mpaka vibanda vya barabarani vya mkate na nyama. Kwa kuwa kusafiri hadi Amerika kulikuwa mzigo, walijenga majiko ya Kimarekani mlemle ghalani, kwa mbao na rangi, na Dinah akapika vyakula vya karne mbili. Alistaajabu sana. Bata mzinga aliachwa mbichi ndani, akapakwa sabuni na rangi ya viatu ili ang'ae, aiskrimu ilikuwa viazi vilivyopondwa, moshi wa supu ulikuwa wa sigara ya mtu aliyejificha chini ya meza, na jioni vyote vikatupwa. Alikuwa akirudi nyumbani analalamika, "Laurean, leo tumempaka kuku dawa ya viatu, Mungu atatuona," na Laurean anamwambia ashukuru kazi.

Aliipenda kazi ile kwa sababu hakuonekana. Kamera ilikuwa upande mmoja, yeye upande mwingine, na hilo ndilo sharti alilomwambia mkuu wa kipindi siku ya kwanza, kwamba yeye hapigwi picha, mkuu akadhani ni mambo ya dini, akakubali.

Jumanne tarehe 9 Oktoba 1973 ilikuwa zamu ya mchele wa Carolina. Ninyi vijana huenda hamjui, mchele ule uliwatajirisha wenye mashamba wa Amerika, na waliojua kuulima, kuutwanga na kuupepeta ni watu weusi waliochukuliwa utumwani kutoka Afrika ya magharibi, wakaenda na ujuzi wao kichwani. Lakini maneno aliyopewa mtangazaji asome hayakusema hivyo, yalisema bibi mwenye shamba aliwafundisha watumishi wake kwa uvumilivu. Dinah alikuwa anafuta meza aliposikia yakisomwa, na hapo, yeye mwoga kuliko wote, akamuuliza mkuu wa kipindi, "Bwana, huyo bibi alipepeta lini?" Watu wakacheka, mkuu akatazama saa yake, maneno yakabaki vilevile.

Akaletwa msichana mwigizaji, mzaliwa wa hapa, wazazi wake watu wa visiwa vya Karibi, binti mzuri, ila ungo hajawahi kuushika, akawa anautikisa kama anayepunga mashati, mchele ukamwagika wote chini, wakamwaga mwingine, ukamwagika, na mafundi wa taa wakawa wanaukanyaga na mabuti. Dinah alijikaza. Alitazama ukutani. Alijiambia huu si mchele, ni takataka za televisheni kama ile aiskrimu ya viazi, lakini ulikuwa mchele kweli, alikuwa ameuchagua mwenyewe asubuhi, na mara ya tatu ulipokanyagwa uvumilivu ukamwisha, akaenda akamnyang'anya yule binti ungo. Mkuu akaruka kwa furaha, akamsihi, akamwapia kwamba itakuwa mikono tu, uso hautaonekana, jina halitatajwa. Naye akaona, mikono tu, mikono ya nani itajulikana, akakubali.

Akapepeta. Walioiona filamu ile wanajua, mchele ulipanda na kushuka kama umefungwa kamba, pumba zikajitenga zenyewe, na Dinah mwenyewe alisema baadaye kwamba kwa muda ule alisahau Hayes, alisahau taa, alisahau kila kitu alichojilazimisha kukikumbuka kwa miaka minane. Ndipo mikono ikamaliza kazi kama ilivyozoea, akazikusanya chenga, akazirusha upande wa kushoto, kwenye sakafu ya saruji ya ghala la London ambako hapakuwa hata na unyoya wa kuku, na akaita.

Aliita mwito wa mama yake, wote, mpaka pale unapokatika, na mashine ya sauti ikaudaka.

Watu walipiga makofi, na Dinah akatua ungo. Alimfuata mkuu wa kipindi mpaka mlangoni akimwomba aitoe ile sauti, akasema ilikuwa makosa, ujinga, aibu, akamwomba kwa jina la watoto wake, na mkuu, ambaye hakuwa mtu mbaya, akamwambia kwa upole kwamba hicho ndicho kitu kizuri kuliko vyote walivyopata mwaka ule, na hakitatolewa kamwe. Angemwambia nini? Angesema, sauti hiyo itamfunga mama yangu? Mzungu yule angeulizia, angeandika, angepiga simu ubalozini kwa nia njema kabisa, na huo ndio ungekuwa mwisho wao. Akavaa koti, akapanda treni, na Laurean alimkuta amekaa jikoni na koti lake, chai imepoa mbele yake, akirudia neno moja, "Nimemuua mama, nimemuua mama."

Kipindi kilionyeshwa hapa London Alhamisi tarehe 14 Machi 1974. Dinah aligeuza televisheni yao ikatazama ukuta, akaifunika na kitenge, na mwaka huohuo wakahama Lewisham wakaja Woolwich, kwa sababu mama mmoja wa Kitanzania alimwambia sokoni, kwa mzaha tu, kwamba mikono yake anaijua. Aliacha kuhudhuria sherehe za Watanzania. Simu ikilia, alikuwa anamwomba Solomon ajibu kwanza, mtoto mdogo hivyo, aseme mama hayupo. Na hapo alikuwa bado na faraja moja, kwamba London ni London na Unguja ni Unguja, bahari iko katikati, na watu wa kwao hawana televisheni.

Faraja hiyo iliondolewa na dada yetu Bharti, yule pale mbele, aliyekuwa na duka la sari na cherehani mtaa wa pili. Wiki ya kwanza tu alimwambia, "Wewe dada si mtu wa Tanga, mimi nimezaliwa Mkunazini, Unguja, nakusikia," na Dinah alikimbia na mzigo wake haujashonwa, akakaa mwezi mzima anazunguka mtaa ili asipite dukani, akiamini ametegewa. Bharti ndiye aliyemfuata nyumbani na ile nguo imeshonwa, akakaa kitako, akamweleza yaliyompata yeye mwaka 1964, na mwisho wote wawili walilia, wakawa ndugu. Lakini siku moja ya Novemba 1975, bila kujua anachokichoma, Bharti alimsimulia kwa fahari kwamba kwao Zanzibar kuna televisheni ya rangi sasa, wakati bara hawana hata moja, imewekwa hadharani watu watazame, na filamu nyingine zinanunuliwa hukuhuku London. Dinah alimuuliza filamu za nini. Bharti akasema za kila kitu, mpira, wanyama, mapishi.

Miezi minane alisubiri. Tarehe 22 Julai 1976 barua ikafika kwa mkono wa shangazi yake Bharti wa Mombasa, imeandikwa na Augustino, ambaye sasa alikuwa kijana wa miaka ishirini na miwili, na barua hiyo tunayo, nimeisoma kwa macho yangu. Aliandika kwamba watu walikusanyika kutazama, mama yao akiwa amekaa mbele, ikaja filamu ya Wamarekani na chakula chao, ikaonekana mikono, ungo, na mwito ukasikika, na watu wote wakageuka kwa pamoja wakamtazama Bi. Tekla. Mwenyekiti wa tawi alisimama mbele yake akamuuliza, "Bi. Tekla, huyo si mwanao?" Naye akajibu bila kupepesa jicho, "Mwanangu nilishamlilia. Kaa kitako, wanizibia." Akaitazama filamu mpaka mwisho. Kesho yake akaitwa ofisini, akakaa huko tangu asubuhi mpaka alasiri, akarudi, akawapa kuku maji, hakusema neno. Na barua ikaishia hapo, na ombi moja, kwamba Dinah asijibu.

Nawauliza, ninyi mngeishije? Mama yako ameulizwa, hujui kaulizwa nini, hujui kajibu nini, hujui wanarudi lini. Dinah alingoja barua ya pili miaka minne na nusu. Kila bahasha iliyodondoka mlangoni ilimtoa jasho, Laurean ndiye aliyezifungua zote, hata za umeme, na Dinah alikuwa akimtazama usoni kabla hajaanza kusoma. Bi. Tekla alifariki tarehe 2 Februari 1981, kwa homa, kitandani kwake, na habari zikafika hapa Aprili, na kwa kuwa Dinah aliogopa majirani wasije wakauliza analilia nani, alikwenda akalia katika stoo ya Bharti, kati ya marobota ya sari, na Bharti akakanyaga cherehani tupu muda wote ili sauti isitoke nje.

Ungedhani hofu ingezikwa na mama. Haikuzikwa. Mambo ya kwao yalilegea, watu wakawa wanakwenda na kurudi na karafuu na picha, Laurean akamnunulia tiketi mara mbili, na mara mbili akaugua wiki ya safari, kwa sababu alibaki Augustino, na Dinah alikuwa na hakika kwamba mahali fulani kuna faili, na faili halisahau. Mwaka 1998 kipindi kingine cha televisheni juu ya vyakula vya Amerika kilitumia ile filamu ya mikono yake, sasa wakisema ni picha ya mpishi wa Carolina, na mtaalamu mmoja akaeleza kwa sauti nzito kwamba mwito ule umerithiwa kutoka Afrika ya magharibi vizazi na vizazi. Toba! Mimi nilikuwepo, nilimwaga chai kwa kucheka. Kemilembe hakucheka, alikuwa amegeuka anamtazama mama yake, maana huo ndio mwito uliomwita mezani tangu utotoni, na akasema kwa Kiingereza chao kwamba atawaandikia, wamekosea, huyu ni mama yake. Dinah alisimama, akamwambia, "Nikiwa hai usithubutu," na Kemilembe alitii miaka ishirini na mitano bila kujua anatii nini. Na tangu mwaka 2003, Dinah na mdogo wake wa Mbweni walipoanza kuzungumza kwa simu, walizungumza habari za watoto, mvua na magonjwa, lakini Augustino akigusa siku ile ya filamu tu, Dinah alikata simu, akisema simu zina masikio.

Alistaafu Machi 2005, akampoteza mpenzi mume wake Laurean tarehe 9 Juni 2012, na mwaka 2019 figo zake zikaanza kushindwa, akawa anasafishwa damu hospitalini siku tatu kila wiki. Ninyi wauguzi mnajua utaratibu, kila siku kabla ya kumwunganisha na mashine mgonjwa anaulizwa tarehe yake ya kuzaliwa, naye kila siku alijibu tarehe 3 Juni 1946. Mwezi Oktoba mwaka huu akaanza kujibu tarehe 16 Machi 1945. Wauguzi wakadhani fahamu zimeanza kuchanganyika, wakamrekebisha kwa upole, Kemilembe naye akamrekebisha, na yeye akawa anairudia tu, 16 Machi, 16 Machi, mpaka Jumatano tarehe 1 Novemba alipomwomba binti yake afunge mlango, akamweleza yote ambayo nimewasomea, na muda wote alikuwa anatazama ule mlango. Alifariki Jumatano iliyofuata, tarehe 8 Novemba 2023, saa nne na dakika ishirini asubuhi, akiwa na umri wa miaka sabini na minane, miezi saba na siku ishirini na tatu. Ameacha watoto wawili na wajukuu watano. Na Kemilembe ameshaandika barua yake kwa watu wa televisheni, imepelekwa Jumatatu, inasema mikono ile ni ya nani na mama yake alikuwa nani.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia miaka minne bila kuchoka, inawashukuru majirani wa Woolwich waliotuletea viti, chakula na mablanketi, inawashukuru wafanyakazi wenzake wa lile jiko la Hayes, ambao wawili wako hapa na fimbo zao, na inamshukuru dada Bharti kwa namna ambayo karatasi hii haiwezi kuieleza.

Kuna shukrani nyingine, ambayo hatukuwa nayo mpaka Alhamisi ya wiki iliyopita, Augustino alipotua Heathrow, tukala, nikamuuliza ni nani pale Mbweni waliojua kwamba dada yake yu hai. Akanishangaa. Akasema, "Wote." Akasema wavuvi waliomvusha walikuwa binamu za watu, kwa hiyo hata msibani mwaka 1965 nusu ya waliolia walijua wanalilia nini, na siku ya filamu watu zaidi ya arobaini waliisikia sauti ya Dinah, na yalipotoka maneno ya Bi. Tekla, mmoja akasema kwa nguvu, "Kumbe Wamarekani nao wana kuku!" wakaitikia wote, wakatoka wanalirudia neno hilo njia nzima ili lisikike. Na mwenyekiti wa tawi alimweka Bi. Tekla ofisini kutwa nzima ili waliomtuma waone amehojiwa, akampa kiti na chai, akaandika kwamba mwanamke wa kwenye filamu ni Mwamerika, akafunga faili. Augustino alidhani dada yake anajua. Alidhani ndiyo maana hataki kuzungumza.

Basi familia inawashukuru watu wa Mbweni, waliokufa na waliobaki, majina yao yote hatuyajui. Pumzika kwa amani, shemeji, walijua wote.